Mkwe Nyuma ya Pazia

Wananchi wote wa Tarime na Serengeti walitangaziwa, kwa barua yenye mihuri miwili, kwamba kucheka sasa kumerasimishwa. Jumamosi kungekuwa na mchezo wa kuchekesha katika ukumbi wa Bomani, mbele ya mgeni rasmi kutoka mkoani. Kila aliyeamini kuwa anachekesha alitakiwa kufika kwenye usaili Alhamisi, saa mbili asubuhi, akiwa na picha mbili ndogo na barua ya mtendaji wa kijiji chake inayothibitisha kipaji hicho.

Aliyeandika tangazo hilo alikuwa Thadeo Wangwe, Kaimu Afisa Michezo ya Jukwaani. Huu ulikuwa mwaka wake wa sita wa kukaimu. Mwanawe wa mwisho alijua kutamka "kaimu" kabla ya kujua kutamka "baba". Mkoani walikuwa wamemwambia wazi: mgeni akicheka Jumamosi, utathibitishwa, asipocheka, utakaimu mpaka mvi zikukute. Kwa hiyo Thadeo alilichukulia suala la kucheka kwa uzito unaostahili. Tangu Jumatatu hakuwa ametabasamu hata mara moja.

Aliunda kamati ya watu watatu, na kanuni ya kwanza ya kamati ilisema kwamba mjumbe hatacheka wakati wa usaili, kwa kuwa kucheka ni upendeleo. Mwenyekiti alikuwa Mzee Ryoba, mtumishi mstaafu ambaye hata mbuzi wake hupita mbele yake kwa adabu. Katibu alikuwa Mwalimu Agustina, naye mstaafu, mwenye daftari kubwa la kuandika kila kilichotokea. Wa tatu alikuwa Thadeo mwenyewe.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Sadick, muuza mitumba. Barua ya mtendaji wake ilisema: "Mtajwa hapo juu anachekesha, isipokuwa siku za gulio." Sadick aliigiza mteja anayelijaribu koti huku akililaani, akalivua, akalivaa tena, akamwuliza mkewe asiyekuwepo kama linamkaa, wakagombana. Waliopanga foleni dirishani walishikana mabega kwa kucheka. Kamati ilimtazama kama inayosoma majibu ya maabara.

"Umemaliza?" aliuliza Mzee Ryoba.

"Nimemaliza, mzee."

"Kichekesho chako kina lengo gani?"

"Watu wacheke, mzee."

"Hilo ni lengo kuu. Lengo mahususi?"

Sadick alifikiri. "Wacheke sana?"

Aliandikiwa kuwa hakukidhi vigezo. Mpaka saa sita mchana wenzake kumi na wanane walikuwa hawajakidhi vigezo pia, na Thadeo alianza kuhisi shati likimganda mgongoni. Kamati ilikuwa imefanya kazi nzuri mno. Haikuwa imepata mtu.

Alibaki mmoja, Robi, mkulima kutoka Kenyamonta. Sifa zake zilikuwa zimemtangulia. Ilisemekana aliwahi kuchekesha msiba mpaka wafiwa wakaomba aondolewe, kisha wakaomba arudishwe. Barua yake ilikuwa na mstari mmoja: "Tunaomba mumchukue."

Robi aliingia akipandisha mabega kama mwenye mali nyingi, akafika katikati ya ukumbi, akamwona mwenyekiti. Aligeuka hapohapo akatoka mbio. Mzee Ryoba naye alijifunika uso kwa faili.

Robi alikuwa mke wa mwanawe wa tatu.

Huku kwetu jambo hilo halina mjadala. Mkamwana hamtanii baba mkwe. Hali chakula mbele yake, hamtaji jina, na akikutana naye njiani mmoja hupita majanini. Seuze kumchekesha.

"Mzee, utoke kidogo?" Thadeo alinong'ona.

"Nikitoka mnabaki wawili. Kamati ya wawili si kamati."

"Basi yeye afanyie nje?"

Mwalimu Agustina alifungua tangazo. "Umeandika mwenyewe hapa. Mwombaji atachekesha ndani ya ukumbi, mbele ya kamati kamili."

Kamati ilikaa kikao cha dharura cha dakika arobaini na kupata ufumbuzi. Meza ilipandishwa jukwaani. Mzee Ryoba aliketishwa nyuma ya pazia, ambalo lilikuwa fupi, hivyo vikabaki viatu vyake tu vikionekana. Robi angesimama chini, akiligeuzia jukwaa mgongo, akitazama ukumbi. Na kwa kuwa si vizuri mkwe kusikia utani kutoka kinywani mwa mkamwana wake, Thadeo angesimama penye ukingo wa pazia, apokee kila neno, alisafishe, kisha alifikishe kwa mwenyekiti kwa lugha ya kiofisi.

Wale kumi na tisa, kwa kuwa hawakuwa na kazi nyingine, waliingia wakakaa kwenye viti. Waliokuwa dirishani wakaingia pia.

"Ng'ombe wangu alipotea," Robi alianza. "Kumbe alivuka Sirari, akaingia Kenya. Amerudi juzi. Nikimwita haji. Ananijibu, 'Niaje?'"

Thadeo aliinamia pazia. "Mheshimiwa Mwenyekiti, kuna taarifa ya mfugo mmoja, jike, uliovuka mpaka bila kibali na kurejea ukiwa na mabadiliko ya lafudhi."

Watu walicheka. Thadeo aliwatazama kwa mshangao, alikuwa hajamaliza.

"Una chanjo?" pazia liliuliza.

"Mwombaji anaulizwa kama mfugo husika una chanjo."

"Mwambie aliye huko kwamba chanjo anayo," alisema Robi bila kugeuka, "ila ya pili anataka achomewe upande wa Kenya, anasema sindano zetu zina maswali mengi. Na dume lake limenuna. Linasema, 'Mke akitoka safari simwulizi alikuwa wapi. Namwuliza ameleta nini.'"

Thadeo alifuta jasho. "Mheshimiwa, umejitokeza mgogoro wa ndoa. Dume halihoji safari. Linaomba taarifa ya utekelezaji."

Kisha viatu vilianza kutetemeka, kwanza cha kulia, halafu vyote viwili.

"Dume hilo lina hoja," pazia lilisema kwa sauti iliyobanwa. "Lisikilizwe."

Mtu mmoja alianguka kutoka kwenye kiti. Mwalimu Agustina, akisoma huku anaandika, alitamka: "Viatu vya mwenyekiti vimetikisika. Sababu haijafahamika." Ukumbi ukapiga kelele. Thadeo alinyoosha mkono kuomba utulivu, akawakumbusha kwamba hili ni zoezi la kitaalamu, na kila alichosema kiliwazidishia.

Mgeni rasmi, Bi Ummy, siku hiyo alikuwa safarini kwenda Mugumu. Alipoona watu wamejaa mlangoni, alidhani amekosea tarehe na mchezo umeanza. Aliingia, akakaa nyuma, na sasa alikuwa akifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Alipanda jukwaani.

"Mmeniua," alisema. "Jumamosi nataka hikihiki. Msiongeze, msipunguze. Mzee wa viatu abaki palepale, na huyu mama wa ng'ombe aongoze mazoezi. Na wewe," akamshika Thadeo mkono, "umethibitishwa."

Baada ya miaka sita, Thadeo aliinamisha kichwa kwa heshima. "Asante, mheshimiwa. Katika nafasi ya Afisa?"

"Katika nafasi ya kaimu. Ukiwa afisa kamili utaharibu mchezo. Nitawaandikia mkoani wasikuguse."

"Mheshimiwa, naomba kutoa ufafanuzi. Mimi sikuwa naigiza."

Bi Ummy alishika meza asianguke.

"Mimi ni mtumishi wa umma. Nilikuwa natekeleza kanuni ya nne, kifungu cha pili, kinachosema kwamba..."

Paa la bati lilivuma kwa vicheko. Nyuma ya pazia, mtu mzima alikuwa akilia kwa kucheka, na hakuna aliyemkumbusha kanuni.

Robi, ambaye bado alikuwa ameligeuzia jukwaa mgongo, alipaza sauti: "Polepole, afisa! Waache wamalize kwanza, ndipo uingie kifungu cha tatu."

Thadeo alisubiri. Walipotulia, aliingia kifungu cha tatu.