Fundi Aliyekuja Siku Aliyoahidi

Kwa niaba ya Kikosi cha Dharura cha Kukabiliana na Viumbe wa Anga za Mbali Waliojigeuza Raia, ninayo heshima kuutangazia umma kwamba uvamizi umedhibitiwa, hali ni shwari, na mshukiwa mmoja wa ngazi ya juu kabisa yuko mikononi mwetu. Mimi ni Kapteni, Msemaji wa Kikosi. Kazi yangu ni kueleza mambo yalivyotokea baada ya wakubwa kukubaliana yalitokea vipi. Safari hii hakubaki mkubwa wa kukubaliana naye, kwa hiyo nitaeleza tu.

Onyo lilitufikia kutoka makao makuu Jumatatu asubuhi. Lilisema kwamba viumbe kutoka sayari nyingine wameshatua, wamevaa sura za watu wa kawaida, na watatambulika kwa mwenendo usio wa kibinadamu. Kamanda wetu ni Brigedia, ambaye askari humwita Vumbi, kwa kuwa katika msafara wake hicho ndicho kitu pekee ambacho wananchi hubahatika kukipata. Alilisoma onyo akiwa amesimama, akatangaza Haraka ya Daraja la Kwanza. Wahenga waliosema haraka haina baraka hawakuwahi kuwa na fungu la dharura. Chini ya Haraka ya Daraja la Kwanza hakuna kwenda likizo, hakuna kukaa bure, na kikao huanza mara tu viburudisho vinapofika.

Viburudisho vilichelewa. Hata hivyo, kufikia Alhamisi tulikuwa na kamati, kamati ndogo na fulana. Fulana zilikuwa nyeusi, mgongoni zimeandikwa OPERESHENI YA SIRI kwa herufi kubwa za manjano, ili raia akituona tu ajue kwamba hajatuona. King'ora cha kambi hakikulia kwa sababu mwenye ufunguo wa chumba chake alikuwa kwenye semina ya utayari.

Swali gumu lilikuwa moja: mwenendo usio wa kibinadamu ni upi? Meja, ambaye ni msaidizi wa Brigedia, alipendekeza tuanze na watu wenye macho matatu. Brigedia akasema adui aliyeweza kuvuka nyota zote zile hawezi kusahau kuhesabu macho. Adui, alisema, atakosea kwenye vitu vidogo. Hapo simu yake ikalia. Alikuwa mkewe, na alikuwa amejifungia chumbani.

Ilivyokuwa ni hivi. Siku moja kabla, bomba la jikoni kwa Brigedia lilipasuka. Mkewe akampigia fundi, fundi akasema atakuja kesho saa tatu asubuhi. Mama wa watu alifanya kama anavyofanya mtu yeyote mwenye akili zake: akatega ndoo, akajipanga kuishi na ndoo. Kumbe kesho yake saa tatu kengele ya geti ikalia, na fundi huyo hapo mlangoni na mkoba wake. Akaziba bomba. Hakuomba hela ya nauli. Hakusema kwamba fundi aliyemtangulia alikuwa mhuni. Alipomaliza akapiga deki, kisha akamkabidhi mwenye nyumba kipande cha bomba kilichobaki.

"Kilichobaki?" Brigedia aliuliza kwenye simu, na sisi wote mezani tukaacha kutafuna.

Operesheni ilianza papo hapo. Lori halikuwaka, kwa hiyo askari walilisukuma mpaka mtaani huku Sajini akiiga king'ora kwa mdomo. Mshukiwa tulimkuta chini ya sinki la kinyozi. Aliomba amalizie kukaza nati moja, jambo ambalo liliingizwa kwenye taarifa kama upinzani mkali. Wakati wa kurudi alisaidia kusukuma.

Hapa inanibidi niseme jambo. Fundi huyo, ambaye mtaa mzima unamwita Leoleo, ndiye mchumba wa mdogo wangu wa kike. Harusi yao ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, na mama yetu alikuwa ameshaazima sufuria za nusu ya mtaa. Makao makuu nao walikuwa wameagiza kwamba kiumbe wa kwanza kukamatwa apelekwe kwao akafunguliwe kitaalamu, ionekane ndani kuna nini. Mdogo wangu akanipigia simu. Hakulia, na ingekuwa nafuu kwangu kama angelia.

"Kaka," alisema, "mnataka kumfungua mume wangu kama redio?"

Nikamjibu kwamba mchakato unaendelea na wadau wote watajulishwa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Kikaoni nikajitahidi. Nilisema ahadi ni deni, na huyu bwana amelipa deni lake, basi. Brigedia akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyeanza hesabu vizuri akaharibu kwenye jibu. Akaniuliza kama nimewahi kumwona binadamu analipa deni kabla hajafuatwa. Sikuwa nimewahi. Hoja yangu ikaingizwa kwenye taarifa kama ushahidi wa pili dhidi ya mshukiwa.

Ndipo nikapendekeza Kipimo cha Ujirani. Nilieleza kwamba kiumbe anaweza kuiga sura, sauti, hata kikohozi, lakini hawezi kuiga kujulikana. Mtu ni watu. Basi kila mshukiwa alete shahidi mmoja, jirani wa kweli, ambaye wamewahi kujuliana hali, kuombana chumvi au kukaa pamoja msibani. Brigedia alikipenda kipimo hicho kwa sababu hakikuhitaji bajeti. Lakini hakupanda cheo kwa uzembe. Akaongeza kwamba ndugu, mke na mchumba hawaruhusiwi kushuhudia, kwa kuwa mapenzi ni upofu, na aliposema hivyo alinikazia macho mimi. Akaongeza tena kwamba yeyote anayepokea amri au mshahara kwa mshukiwa haruhusiwi, maana huyo atasema ndiyo kwa lolote. Kisha akataka kipimo kimhusu kila mtu bila kujali cheo, maneno ambayo makao makuu huyapenda mno, na kwamba amri hiyo isitenguliwe na yeyote ila afisa wa cheo chake aliyekwisha kuthibitishwa kuwa ni binadamu.

"Sheria ni msumeno," alisema, akatia saini.

Siku ya kipimo tuliweka meza uwanjani, na mpiga picha akaletwa. Leoleo alikuwa wa kwanza. Mama yangu hakuruhusiwa kushuhudia kwa kuwa ni mkwe mtarajiwa, kwa hiyo yeye aliuleta mtaa tu, akasimama pembeni na mkoba wake kwapani. Kinyozi alitangulia. Alisema yeye ndiye humnyoa huyu kijana, na kijana akinyolewa husinzia, na akisinzia hukoroma. Sasa ni kiumbe gani atafunga safari kutoka nyotani aje akorome kwenye kiti chake? Bibi mmoja mjane akasema Leoleo ndiye aliyekaa na mumewe hospitalini siku zote zile, akimsomea gazeti vibaya. Mshona nguo akasema wanapakana ukuta, na kwamba Leoleo huimba asubuhi, na yeye anaomba jeshi limsaidie katika hilo. Foleni ilifika getini. Tulipaswa kusikiliza shahidi mmoja, lakini hakuna aliyekubali kurudi nyumbani bila kusema lake.

Kamati ikaridhika kwa sehemu. Brigedia alisisitiza kwamba suala la kutimiza ahadi halijapatiwa maelezo. Leoleo akaachiwa kwa uangalizi, na ikaagizwa asifungishwe ndoa mpaka aonyeshe walau tendo moja la kibinadamu.

"Sasa mnataka aibe?" mama yangu aliuliza.

Brigedia akamjibu kwamba kamati haielekezi, kamati inapima. Halafu akavua kofia, akarekebisha medali zake, akaketi kwenye kiti cha washukiwa na kumgeuzia mpiga picha upande wake mzuri.

Sajini ndiye aliyekuwa anahoji. Ni mtu wa amri. Ukimwambia simama hakuulizi mpaka lini. Akamuuliza Brigedia jirani yake wa kushoto ni nani.

"Kushoto ni ukuta," alisema Brigedia.

"Kulia, Afande?"

"Ukuta."

"Na mbele?"

"Geti."

Sajini akaandika. Ikabidi atafutwe mtu anayekaa mbele ya hilo geti, akapatikana mama muuza mkaa. Naomba ieleweke kwamba mama yule hakuwa na nia mbaya. Alikuja mbio, akasema yuko tayari kumsaidia mzee kwa moyo mmoja, maana ujirani ni wema. Kisha akasema anachokijua. Alisema miaka yote aliyouza mkaa pale hajawahi kumwona mzee akitembea kwa miguu. Huona gari lenye vioo vyeusi likiingia, na gari lenye vioo vyeusi likitoka. Umeme ukikatika mtaa mzima, kwake huwaka. Maji yakikosekana wiki nzima, kwake bustani hunyeshewa. Msiba ukitokea, haonekani. Wanawe hawajulikani wanasoma wapi, na mwenyewe akiugua hapelekwi hospitali iliyopo pale chini, huchukuliwa na ndege, anapaa.

"Anapaa?" Sajini aliuliza.

"Anapaa, baba. Halafu anashuka. Mwaka juzi daraja lilipochukuliwa na maji alishuka kutoka juu, akatupungia mkono, akapaa tena. Lakini sina ubaya naye, mimi nimekuja kumtetea."

Meja alifungua amri, akaipitia kifungu kwa kifungu kwa sauti ya mtu anayetamani maandishi yabadilike. Mke haruhusiwi. Dereva haruhusiwi. Sisi sote wenye sare hatukuruhusiwa, maana tungesema ndiyo. Amri ingeweza kutenguliwa na afisa wa cheo cha Brigedia aliyethibitishwa, na hapo kambini cheo hicho kilikuwa na mtu mmoja, naye alikuwa kwenye kiti.

"Nyinyi mnanijua," Brigedia alisema.

Tulitazamana. Ukweli ni kwamba tulijua kupiga saluti. Sajini akaipiga safi kabisa, kisigino kikalia. "Sheria ni msumeno, Afande," alisema taratibu, akamwonyesha njia ya selo.

Makao makuu walijibu siku hiyohiyo. Walitupongeza kwa ujasiri, wakaagiza mshukiwa asitolewe wala asifunguliwe mpaka timu yao ifike, wakaongeza kwamba timu itafika kwa haraka ya juu kabisa mara fulana zake zitakapokuwa tayari.

Selo ni mahali pa kufikiri. Kufikia Ijumaa Brigedia alikuwa amekumbuka kwamba duniani yupo mtu mmoja, si ndugu wala mtumishi wake, aliyewahi kuingia ndani ya nyumba yake. Akaomba aitwe. Leoleo alikuja saa ileile, kama kawaida yake. Nilikuwepo nikishika zamu, kwa hiyo nilimsikia Brigedia akisema maneno ambayo sikuwahi kumsikia akiyasema.

"Habari za nyumbani, mwanangu?"

"Nzuri, mzee. Pole."

Brigedia akamweleza shida. Alitaka shahidi mmoja tu, aseme mbele ya kamati kwamba aliwahi kufika kwake na kumkuta anaishi kama watu. Leoleo akakiri kwamba asubuhi ile alimwona dirishani kabla hajatoka kwenda kikaoni, akiwa na kandambili na chai mkononi. Brigedia nusura atoe chozi. Alisema kandambili zinatosha kabisa, hakuna kiumbe wa nyotani mwenye kandambili. Kamati ingekaa kesho yake. Je, angeweza kuja?

Leoleo aliutazama mlango wa selo. Akanitazama mimi, shemeji yake, nikiwa na fulana ya siri.

"Hakuna shida, mzee," alisema. "Kesho saa tatu."

Brigedia alinyoosha miguu, akalala usingizi wa mtu aliyeokoka. Neno la Leoleo sote tulikuwa tunalijua. Ndilo lililomtia matatani.

Jumamosi saa tatu kamati ilikuwa imekaa. Mpiga picha alikuwepo, kiti kimefutwa vumbi. Saa nne kiti kilikuwa bado kitupu. Meja akapiga simu, Leoleo akasema yuko njiani. Akapiga tena, akaambiwa amekaribia, yuko hapo kona. Kwa nyuma tulisikia vigelegele. Mara ya tatu simu ilikuwa imezimwa. Brigedia alikuwa ameshika nondo za dirisha la selo, amekodolea macho geti la kambi.

Meja akaweka kalamu chini. Alisema kwamba kwa uzoefu wake wa miaka mingi na mafundi, hili sasa ni tendo la kibinadamu lililo kamili, halina dosari, na haoni sababu ya kuendelea kumshuku bwana huyu. Kamati ikapiga makofi. Leoleo akaandikiwa cheti cha ubinadamu, nami nikakimbia nacho mpaka ukumbini, ambako mfungisha ndoa alikuwa amegoma, wageni wamegoma kuondoka, na mdogo wangu amekaa katikati yao na gauni lake jeupe, akiwatazama wote kama anayechagua wa kuanza naye. Aliponiona alisoma cheti mara mbili. Halafu akalia, na mimi nikaomba radhi hapohapo mbele ya watu, na mama akaniambia nikae, chakula kinapoa.

Baada ya kula nilimvuta bwana harusi pembeni. Nilimuuliza, kama afisa na pia kama ndugu, ilikuwaje mtu kama yeye akatoa ahadi halafu asitokee.

Leoleo alifuta mdomo kwa kitambaa, akakikunja vizuri.

"Shemeji," alisema, "na mimi ni binadamu."

Hivyo ndivyo hali ilivyo mpaka leo, na umma unaombwa uendelee na shughuli zake. Timu ya makao makuu bado inasubiri fulana. Brigedia anaendelea vizuri. Anapewa chakula kilekile cha askari, na juzi alijua kwa mara ya kwanza kwamba maji ya kambini hukatika. Kila asubuhi hutuuliza kama yule fundi amefika. Sajini humpigia saluti, kisha humjibu kwamba yuko njiani.