Sauti ya Nne ya Mkondoa Roki

Jumatatu, 2 Juni

Historia imeandikwa! Bendi yetu, Mkondoa Roki, imeanza kurekodi albamu. Nyimbo zetu wenyewe, siyo kukopi. Miaka yote tumewapigia madereva wa malori na watalii kule Mikumi nyimbo za watu, na kila Jumamosi kuna mlevi anayesema afadhali tungechomeka simu kwenye spika. Basi. Imetosha.

Tumwagile, mwimbaji wetu, ametunga nyimbo nane. Mimi, Kornelio, mpiga besi na kiongozi, nimetunga mmoja. Una mstari mmoja, lakini mzito.

Goodhope wa Mikumi, mwenye bendi pinzani na miwani ya jua asiyoivua hata ndani ya nyumba, alitaka kutukodishia studio yake. Thubutu! Nimepata ghala la mkonge lililoachwa, nje kidogo ya Kilosa. Bure kabisa. Lupakisyo, mpiga drams, akauliza mbona wafugaji hawaingizi mbuzi humo hata mvua ikinyesha. Nikamjibu mbuzi hawajui muziki.

Ghala linaitikia vizuri ajabu. Tumwagile alipata humo humo muziki mpya, ghafla tu, bila maneno. Tukaupiga kwa vyombo vitupu, bila mwimbaji. Tulipomaliza, ghala likaendelea kidogo.

Mwangwi. Majengo ya zamani ndivyo yalivyo.

Jumatano, 4 Juni

Tumesikiliza tulichorekodi, nyumbani kwa Tumwagile. Nyimbo zote safi. Tukafika kwenye ule wa vyombo vitupu. Kuna mtu anaimba.

Sisi ni watatu, na hakuna aliyefungua mdomo. Sauti ya mwanaume, mtu mzima, tulivu. Anamwomba mkewe amfungulie mlango, mvua imemkuta njiani. Beti mbili kamili. Wa tatu anaukata katikati, kama mtu aliyesikia anaitwa.

Lupakisyo akatoka nje akakaa juani. Tumwagile akasema tuufute, au tumtafute mwenyewe kwanza. Nikafikiri: mwenyewe asipojulikana, mwenyewe ni mimi.

Nimeutuma redioni kimyakimya. Mwimbaji na mtunzi: Kornelio. Akili!

Jumapili, 8 Juni

Wimbo umelipuka! Redio imeurudia mara tatu. Bodaboda wote wa Kilosa wanao kwenye simu. Goodhope mwenyewe amepiga, kwa uchungu mkubwa, kunialika nikaimbe kwenye baa Mikumi Jumamosi alasiri. Nikamwambia nitaangalia ratiba yangu. Sina ratiba.

Tumwagile hanisemeshi. Wivu.

Jambo moja tu. Mama amepiga simu kutoka Lumuma. Nilipoitikia akasema, “Shikamoo, baba.” Mama yangu mzazi! Nikamwambia ni mimi, mwanao. Akaniomba kwa adabu kabisa nimpe Kornelio simu, kama yupo karibu.

Nadhani nina mafua.

Jumanne, 10 Juni

Si mafua. Ni sauti yake. Iko kooni mwangu, nzima nzima.

Ina faida. Sokoni nikiongea nyuma ya watu wananiamkia shikamoo na kunipisha. Naitikia marahaba. Wakigeuka wananitukana, lakini nimeshapita.

Ina hasara. Leo nilitaka kumwambia mama ntilie anipe chai. Nikajisikia nasema, “Nifungulie.” Akafungua dirisha. Nikataka kumwambia hapana, chai. “Nifungulie.” Akafungua na mlango wa nyuma, akaanza kuniangalia vibaya.

Na mashati yangu. Kila asubuhi yamelowa mabegani. Juni hii, vumbi tupu nje! Nimekagua paa. Halina tundu.

Alhamisi, 12 Juni

Amekuja bibi mmoja kutoka Tindiga. Bi Joha, mkulima wa mpunga, amenyooka kama fimbo. Tumwagile ndiye aliyemleta, na nimejua alivyompata: alikuwa akiulizia wimbo ule kila kijiji.

Bi Joha alikuwa anapepeta mchele redio ilipoupiga. Ungo ukamdondoka. Ule ni wimbo wa mumewe, Mwinshehe, mpiga gitaa wa bendi ya vibarua wa mkonge. Walikuwa wakifanyia mazoezi ghalani mule. Mwinshehe alikuwa akimtungia Bi Joha, na alikuwa bado hajaumaliza alipotoka siku ya mvua kwenda mazoezini. Mto Mkondoa ulijaa siku hiyo. Gitaa lilipatikana. Yeye hapana.

Akaniangalia sana. Akaniomba niseme neno lolote.

Nikasema, “Karibu, mama.”

Akaziba mdomo kwa kanga. Kisha akasema polepole, “Umechelewa, Mwinshehe.”

Tumwagile akaninong'oneza nimwambie ukweli. Nikapata wazo bora zaidi: nikamwalika Mikumi, viti vya mbele, alie vizuri watu wamwone. Albamu itauzwa kama maandazi! Tumwagile akapiga meza hadi vikombe vikaruka. Bi Joha yeye akasema atakuja. Hakuwa ananijibu mimi. Alikuwa anaangalia koo langu.

Jumapili, 15 Juni

Naandika yote, yalivyotokea.

Baa ilijaa jana. Goodhope mbele, na miwani. Nikashika maiki, na sauti ikatoka yenyewe, kabla sijavuta pumzi. Watu wakaacha kutafuna. Pale barabarani, ambapo malori hayakomi, sikusikia lori hata moja. Ikaja harufu ya mkonge mbichi uliolowa.

Ubeti wa kwanza. Wa pili. Wa tatu ukakatika palepale unapokatikaga.

Mdomo wangu ukabaki wazi. Haufungi! Maji yakaanza kuchuruzika mikononi mwangu, baridi, yana matope, hadi kwenye nyaya. Lupakisyo akaangusha vijiti. Nikataka kupiga kelele na sikuwa na cha kupigia.

Bi Joha akasimama. Hakulia. Akaumalizia mstari ule kwa sauti nyembamba isiyotetemeka, na ubeti uliobaki wote, kana kwamba aliuhifadhi mdomoni miaka yote hiyo. Akaenda kwenye mlango wa pembeni, akaufungua, akaushikilia.

“Mlango huu hapa, baba watoto. Twende nyumbani.”

Kitu kikateleza kooni mwangu kama mwiba wa samaki. Sakafuni, kuanzia jukwaani hadi mlangoni, zikatokea nyayo za maji. Goodhope akavua miwani. Bi Joha akatoka, akitembea upande mmoja wa njia, upande wa pili akimwachia mtu.

Nimebaki bila sauti kabisa. Nikisema, inatoka hewa tu, kama baiskeli yenye pancha.

Jumatatu, 23 Juni

Albamu imetoka. Inapigwa Kilosa, Mikumi, hadi Morogoro mjini. Ule wimbo unao ubeti wa tatu sasa, Bi Joha amekubali kuuimba. Mtunzi: Mwinshehe wa Tindiga. Hivyo ndivyo Tumwagile alivyoandika, na ndiye kiongozi wa bendi siku hizi. Mstari wangu mmoja ameuacha. Nabeba nyaya. Daktari anasema sauti itarudi nikitulia, nisiitumie vibaya.

Nitulie? Na wenzangu wanabebwa kwa magari ya wakubwa?

Lupakisyo, asiyejua kunyamaza, ameniambia kuna nyumba tupu Kimamba, mchana kweupe husikika mwanamke akimbembeleza mtoto, na mtoto naye analia. Watu wanapita mbali. Sauti mbili kwa safari moja! Na ya kike ina soko kuliko ya mzee yeyote.

Naenda kesho na kinasa sauti. Fundi ameshanipima gauni la jukwaani.