Malalamiko Dhidi ya Wakazi Waliohamasika Kabla ya Kuhamasishwa

Kwa Afisa Elimu,
Ofisi ya Elimu, ghorofa ya pili,
mlango usiofunga vizuri.

Ndugu Afisa Elimu,

KUHUSU: WAKAZI KUIKARABATI SHULE BILA IDHINI YA KAMATI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kiti chako chenye mguu mbovu kimeshatengenezwa. Mimi ni mzima kwa upande wa mwili. Kwa upande wa cheo nimeumizwa, na ndiyo maana nimekaa tangu asubuhi naandika kwa kalamu badala ya kukupigia simu, kwani simu haina nakala ya kuweka kwenye jalada.

Mimi ni Mwenyekiti wa Kamati ya Wadau wa Kuhamasisha Jamii Kusaidia Shule. Shule ninayoizungumzia ni ile ya msingi iliyo nyuma ya nyumba yangu, yenye ukuta wa kijivu. Kwa miaka minane Kamati yetu imekutana kila mwezi sebuleni kwangu kuisikitikia shule hiyo, na hatujawahi kuahirisha kikao. Tuna muhuri. Tuna bango. Tuna mpango mkakati wa kurasa arobaini na mbili, na kamati ndogo tatu, moja ikiwa na kazi ya kuzifuatilia zile mbili. Hakuna mjumbe hata mmoja mwenye mtoto katika shule hiyo, kwa kuwa wetu wanasoma zile za kulipia zenye basi lao, jambo linalotuwezesha kuamua mambo bila upendeleo.

Jumamosi hii ni Siku yetu ya Uhamasishaji na mgeni rasmi ameshathibitisha kufika. Unajua ratiba yetu. Mgeni huingizwa darasa la tatu, husimama ndani ya duara tulilochora kwa chaki, huinua uso, huliona tundu la paa, hutikisa kichwa, hupigwa picha. Halafu hutoka nje kuhutubia, na wakazi huhamasika mpaka saa saba mchana, kisha hurudi makwao. Mwaka huu akiinua uso ataona bati. Nisipopata msaada wako kabla ya siku hiyo, Kamati itakuwa imekwisha, na mimi nitabaki mzee tu mwenye muhuri.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Tundu la darasa la tatu limo katika mpango mkakati, ukurasa wa sita, kama changamoto kuu. Tumelilea wenyewe. Lilipoanza ungeweza kuliziba kwa kofia, na chini ya uongozi wangu lilikua hadi likatosha kupitisha godoro. Jumanne moja, miezi minne iliyopita, mchana kweupe, seremala wa mtaa wetu, huyu tunayemwita Fundi Randa, alipanda juu na mabati yaliyobaki kwenye kazi zake akaliziba. Hakukuwa na kikao wala muhtasari. Nilimfuata karakana kwake, nikasimama katikati ya vumbi la mbao, nikamuuliza kwa upole ni nani aliyemhamasisha. Wala hakuacha kazi. Alinijibu, "Mvua, mzee." Nilirudi nyumbani nikapitia orodha ya wadau wote waliosajiliwa tangu mwanzo. Mvua haimo.

2. Utaratibu unajulikana. Jamii kwanza hutambuliwa, kisha huhamasishwa, kisha huhamasika, kisha hufanyiwa tathmini ya kuhamasika kwake. Kazi yenyewe tumeiweka katika awamu ya pili, ambayo bado haijaandikwa. Sasa hawa wamejihamasikia tu. Nikuulize wewe uliyesoma: mtu aliyekwisha kuhamasika atahamasishwaje? Ni kama kumwamsha mtu aliye macho. Ukimgusa bega anageuka kukuuliza unataka nini, na unajikuta huna jibu.

3. Madawati. Kamati imeyahesabu madawati mabovu mara nne, na kila mara tulipata idadi tofauti, jambo lililoonyesha haja ya kuyahesabu tena. Hesabu ya tano ilipangwa kufanyika mwezi ujao. Fundi Randa, baada ya kuonja utamu wa kuingilia kazi za watu, aliyatoa yote uwanjani akayagongea mbao mpya, akisaidiwa na dereva wa lori na dobi, ambaye alimaliza kwa kupaka ubao rangi nyeusi hadi ukarudi kuitwa ubao. Leo watoto wanakaa wawili wawili kama wako benki. Ile picha yetu ya watoto chini sakafuni, ambayo tumeitumia katika taarifa zote nane, haiwezi kupigwa tena. Mwalimu mkuu, badala ya kuwafukuza watu hao, aliwapelekea chai. Nilipomkumbusha kwamba wao si wadau bali ni majirani tu, alisema ana darasa zima ambalo sasa halilowi, na akaniomba nimwonyeshe tatizo liko wapi. Naomba kauli hiyo iingizwe kwenye jalada lake.

4. Hapa ndipo penye maumivu. Mkunga mstaafu, jirani yangu wa nyumba ya tatu, anafundisha watoto kusoma ndani ya darasa hilo hilo la tatu, alasiri tatu kila wiki. Hana mtaala, hana barua ya uteuzi. Vitabu vyake ni maboksi ya dawa, karatasi za sabuni na tiketi za basi zilizookotwa stendi. Watoto waliokuwa wakishika kitabu juu chini sasa wanapita mtaani wakisoma kila kitu, mpaka tarehe za mikate dukani, na mwenye duka ameshaleta malalamiko yake kwangu.

Kumzuia nimejaribu. Tatizo ni kwamba nusu ya mtaa huu ilizaliwa mikononi mwake. Nilipofika mlangoni na nakala ya mpango mkakati alinitazama kidogo, akaniuliza kama yule mwanangu wa mwisho, aliyekuja ametanguliza miguu, hajambo. Nikaaga. Kamati ikamwandikia barua rasmi kumtaka ahudhurie kwanza semina elekezi juu ya namna ya kujitolea. Barua hiyo aliwapa wanafunzi wake kama zoezi. Ilirudishwa kwetu ikiwa na makosa saba yaliyozungushiwa wino mwekundu. Mimi ninayakubali sita.

5. Tangu darasa liache kuvuja, watu wazima nao wameingia. Mwanzo alikuwa dobi. Akaja muuza mkaa, wakafuata wanawake wengine wa mtaani, mama wenye wajukuu, wanakaa kwenye madawati ya watoto magoti yakiwa karibu na kidevu. Wanatamka silabi kwa pamoja na kwa sauti, na mimi nikiwa sebuleni natunga hotuba ya kuhimiza elimu sisikii hata ninachofikiri. Huo mpango mkakati hauwataji watu hawa popote. Na kusema kweli sioni haraka yao. Katika kila nyumba kuna mtu mmoja wa kusoma barua na wengine wa kusikiliza, na hivyo ndivyo tulivyoishi kwa amani. Mtu akishafika umri ule akaanza kusoma, anasoma nini? Atasoma kila anachokikuta mezani.

6. Nimeliacha hili mwisho kwa sababu linanikera hata kuliandika. Ni suala la bango. Bango letu limening'inia kwenye lango la shule kwa miaka minane, herufi kubwa za buluu, na watu wamelipita asubuhi na jioni kwa heshima zote. Wiki iliyopita dobi alikuwa akipita na beseni la nguo kichwani. Akasimama. Akalisoma herufi moja baada ya nyingine, akitumia utaalamu alioupata juzi kwenye karatasi ya sabuni. Halafu akalitua beseni chini, akakaa kwenye ukingo wa barabara, akacheka hadi watu wakamletea maji.

Bango linasema: WAKAZI, TUJITOE SHULENI.

Ndugu Afisa, sisi tulikusudia TUJITOLEE. Silabi moja ilidondoka mahali fulani kati ya daftari la Katibu na meza ya mchapaji, na kila mmoja anamtupia mwenzake. Ni silabi ndogo. Lakini sasa mtaa mzima unasema kwamba kwa miaka minane Kamati imekuwa ikiwaagiza wakazi waondoke shuleni, wala wasionekane huko. Watoto wameshalifanya mchezo, wananiona wanasema "Tujitoe" na kukimbia. Nimejitetea kwamba jambo la maana ni nia. Nikiwa peke yangu, hata hivyo, nakiri kwamba katika maagizo yote tuliyowahi kuyatoa, hilo ndilo pekee lililotekelezwa kikamilifu.

Kwa kuzingatia hayo yote, naiomba ofisi yako iamuru yafuatayo kabla ya Jumamosi. Kwanza, tundu lifunguliwe. Sidai lote, mimi si mtu wa makuu. Nafasi ya kutosha mgeni rasmi kuona mbingu inatosha, na tundu linaweza kuzibwa tena Jumatatu mbele ya kamera. Madawati kumi na mbili yavunjwe kwa ustaarabu, misumari ihifadhiwe. Darasa la mkunga lifungwe mara moja, kwa kuwa halijazinduliwa, na kitu kisichozinduliwa kisheria hakipo, hata kama watu wamo ndani wanasoma. Wakazi wote waliohamasika warudi majumbani wakae wakisubiri kuhamasishwa. Na wale ambao wameshajua kusoma waombwe, kwa siku hiyo moja tu, wasilitazame bango, kwani hatuna muda wa kuchapisha jingine.

Najua utasema ni vigumu kumtoa mtu kwenye kazi anayoifanya kwa hiari yake. Sivyo. Sisi tumeifanya kazi hiyo miaka minane bila shida yoyote.

Nisalimie ofisi nzima: yule karani wa mapokezi mwenye mafua yasiyokwisha, mlinzi wa langoni, mama wa chai, na dereva wako ambaye hukaa na gari linalosubiri tairi. Wape pole kwa majukumu. Hapa kwetu Katibu anakusalimu, ingawa tangu suala la bango hatuongei.

Mimi niliyejeruhiwa na misaada,
Mwenyekiti wa Kamati
(sahihi na muhuri)

Nyongeza, baada ya sahihi:

Nilipomaliza kugonga muhuri niliingia chumbani kutafuta bahasha. Barua niliiacha mezani, wazi, kama ninavyoacha karatasi zangu zote tangu nioe, miaka thelathini na mmoja sasa, kwa kuwa katika nyumba hii msomaji ni mimi peke yangu. Niliporudi nilimkuta mke wangu ameketi kwenye kiti changu, kidole chake kiko kwenye lalamiko la tano. Alikuwa anasoma. Taratibu, midomo ikicheza, lakini anasoma. Kumbe anakwenda kwa mkunga tangu wiki ya kwanza, nami nikidhani yuko sokoni.

Aliisukuma barua yangu kando. Alifungua mtoto wa meza akatoa barua za dada yake, anayeishi mbali, ambazo mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea kila zilipofika. Aliweka nne pembeni. Akasema, "Dada aliniita mara nne. Wewe uliniambia ananisalimu tu."

Ni kweli. Dada yake alimwomba aende wakakae pamoja, na mara moja kati ya hizo alikuwa mgonjwa na aliandika kwamba anaogopa. Mimi nilisoma salamu, nikakunja karatasi. Nilikuwa nawaza nani atanipikia. Dada alipona, na hiyo si kwa sababu yangu. Nilisimama mbele ya mke wangu, muhuri bado mkononi. Naona aibu kukuandikia haya, ila ameniagiza niyaandike, na safari hii atahakiki.

Kwa hiyo, Ndugu Afisa, futa yote, la kwanza hadi la sita. Paa lisiguswe na darasa lisifungwe, hata kwa saa moja. Nilitaka kuichana barua hii, mke wangu akakataa. Anasema ifike kwako kama ilivyo. Yeye anasafiri Ijumaa kwenda kwa dada yake. Kabla ya hapo kuna kazi moja. Mwandiko wa dada yake ni wa kuunganisha na yapo maneno ambayo bado yanamshinda. Leo alasiri natakiwa niwe darasa la tatu na zile barua nne, nimsomee upya kwa sauti, mkunga akiwa ameketi kando yangu akifuata kila mstari kwa kidole.