Gitaa Lililomeza Vifuniko

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata gitaa! La shemeji, kaka yake mke wangu. Kasema nikae nalo mpaka Jumamosi. Nikichukuliwa kwenye bendi ya Mzee Sekunde, ni langu moja kwa moja. Nisipochukuliwa, linarudi kwake. Mzee Sekunde ni fundi saa, anapiga fidla. Nyimbo za blugrasi, muziki wa milimani huko ng'ambo, mbio mbio kama mtu anakimbizwa na mbwa. Anatafuta mpiga gitaa mmoja. Kinyozi naye anaitaka nafasi hiyo. Kinyozi! Mimi soko zima nimeshalitangazia kwamba nimepata.

Jumanne, 4 Machi
Kumbe hupigi kwa vidole. Unashika kiplastiki kidogo, unachokonoa uzi mmoja mmoja: chini, juu, chini, juu. Sina kiplastiki. Nikakata kifuniko cha kopo la sukari. Sauti tamu! Nikafika katikati ya wimbo, kikaponyoka, kikatumbukia kwenye tundu la gitaa. Nikageuza, nikatikisa, wapi. Nikakata kingine. Sukari nimeifunika kwa sahani. Nani atajua.

Alhamisi, 6 Machi
Vimetumbukia vingi. Kifuniko cha sukari kimeisha, nikahamia cha chumvi, sasa niko kwenye cha ndoo. Mke wangu kauliza sisimizi wameingiaje kwenye sukari. Nikamwambia sisimizi wa siku hizi wajanja. Akaniangalia tu. Nikaenda kufanyia mazoezi kwenye ngazi.
Wimbo una nusu mbili, kila nusu unairudia. Ya kwanza naijua. Ya pili nitakutana nayo hukohuko. Kinyozi kapita, kasema gitaa langu linalia kama gari bovu. Wivu.

Jumamosi, 8 Machi
Siku yenyewe. Dukani kwa Mzee Sekunde, saa za ukutani zote zinakwenda kwa mpigo mmoja. Kinyozi kaanza. Anajua, nisidanganye. Nusu zote mbili! Ila akinogewa anakimbia, anamwacha mzee nyuma na fidla yake. Mzee kakunja uso.
Zamu yangu. Nusu ya kwanza, moto! Narudia, moto! Kuingia ya pili tu, kiplastiki cha mwisho kikatumbukia. Mzee hasimami. Mke wangu na kaka yake wako mlangoni, wamenikodolea macho. Ningefanyaje? Nikatikisa. Nikalitikisa gitaa kufuata zile saa, cha cha cha cha, mpaka wimbo ukaisha.
Shemeji keshanyoosha mkono achukue chake.
Mzee Sekunde akashusha fidla. "Kinyozi apige gitaa. Wewe mwanangu utatikisa hilo lako, umshike asikimbie. Hujanipotezea hata sekunde."
Nimechukuliwa! Shemeji akarudisha mkono mfukoni. Mke wangu akalipokea gitaa, akachungulia tunduni. Akachungulia tena.
"Baba watoto, hicho cha bluu si kifuniko cha ndoo yangu?"

Jumapili, 9 Machi
Nimenunua vifuniko vipya. Nimeapa mbele ya mke wangu sikati tena kitu cha jikoni. Alijikaza akasirike, akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini. Kinyozi nimemwambia asisikitike, bendi inahitaji na wasaidizi. Nina raha zangu.
Ila mzee anataka mtikiso wenye sauti zaidi. Nimezunguka nyumba nzima. Kuna kisahani cha sabuni bafuni, kigumu, kizuri.
Bafuni si jikoni.