Mtambo Wanusa Genge Nzuguni

"Taifa linatangaziwa rasmi kwamba uhalifu wa kupangwa umekwisha. Kilichobaki ni kuwakamata wahalifu kabla hawajapanga."

Bwana Ludovick, Mkurugenzi wa Kitengo cha Utabiri wa Magenge, aliikariri hotuba hiyo mbele ya kioo. Uzinduzi ulikuwa saa nne. Kitengo kilikuwa hakijatabiri hata mwizi wa kuku, na kikikosa genge la kumwonyesha mgeni rasmi kingevunjwa, naye arudishwe Kibakwe kusimamia majosho ya ng'ombe.

Saa moja mtambo wa utabiri ukalia. Nzuguni! Watu arobaini wamejaa nyumba moja ndani ya nusu saa, na mapanga, mashoka, majembe. Hakuna barua ya mwaliko. Hakuna posho.

"Bila posho?" Ludovick akatokwa jasho. "Hao ni hatari."

Akavamia na magari manne. Katikati ya moshi alisimama Mama Devota, mwiko mkononi, akigawa kazi: wewe kuni, wewe vitunguu, vijana makaburini.

"Nani kawaita hawa?"

"Bibi Loisi kafariki alfajiri, baba. Kifo nacho huitisha kikao?"

Jibu la kificho. Akakamatwa.

"Mchukueni na sufuria kabisa," jirani yake Penina akafoka, "mkapikiwe huko huko!"

Ukumbini, Mheshimiwa Cecilia, mgeni rasmi, alipomwona mtuhumiwa alisahau itifaki. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeacha marehemu ndani, tunazika saa nane. Huo mtambo una hakika?"

"Asilimia mia," Ludovick akadakia.

"Basi ugeuzeni huku kwenu, tuuone."

Waandishi wa habari wakainua kamera. Mheshimiwa akatabasamu kwa taabu, akaitikia kwa kichwa. Ludovick akabonyeza kitufe. Mtambo ukapekua zabuni, semina, safari, na viti vilivyonunuliwa mara tatu na bado watu wamesimama. Kisha ukaandika ukutani, herufi kubwa:

UHALIFU: UPO. KUPANGWA: HAKUNA DALILI.

"Tumesafishwa!" Mheshimiwa akapiga makofi, ukumbi mzima ukamfuata. Kitengo kikaongezewa miaka mitano papo hapo.

Ikabaki kumrudisha Mama Devota msibani. Afisa usafiri akamtafuta mwenye ufunguo, mwenye ufunguo akamtafuta mwenye kibali, mwenye kibali yuko semina. Mama akatazama saa ya ukutani.

"Wewe, mnyang'anye ufunguo huyo. Wewe, fungua geti. Na wewe mkurugenzi, vua koti upande gari. Huko makaburini ardhi ngumu, mikono haitoshi."

Ludovick akavua. Ilikuwa mara yake ya kwanza mwaka huo kupewa kazi inayoeleweka.