Ukuta wa Kupanga

Jumatatu, 4 Machi
Turubai ya kuchorea imepanda bei tena! Muuza rangi kaniangalia kama mtu aliyekuja kuomba maji. Nimerudi chumbani, nikajilaza, nikatazama ukuta. Mpana, mweupe, na kodi yake nalipa mwenyewe. Kumbe turubai ninayo!

Mchongaji wa chumba cha mkabala kachungulia, akauliza kama mwenye nyumba anajua. Akaongeza kwamba akili nyingi huondoa maarifa. Kijicho tu. Tangu tufahamiane anachonga viboko wa mbao, basi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemaliza. Wanawake saba kwenye foleni ya maji, kimo chao halisi. Nimepigilia fremu ya mbao kuwazunguka, wapendeze. Tatizo, chumba hakina pa kusimama mbali ukaiona picha yote. Nikarudi kinyumenyume, nikavuka korido, nikaingia kwa Mchongaji na kumkalia kiboko mbichi. Sikio la kiboko limevunjika. Nimetukanwa mimi na ukoo wangu. Lakini kutoka pale niliiona yote, machozi yakanilenga. Sijawahi kufanya kitu kizuri hivi.

Jumamosi, 9 Machi
Mama wa jumba la maonyesho kaja mwenyewe! Miaka sita namwandikia. Kasimama mlangoni, mkoba ukamteleza begani. Kasema picha hii ndiyo itakayopokea wageni, niipeleke Jumanne kabla ya saa sita. Nikamjibu hakuna tabu, mama.

Alipoondoka ndipo nilipoiona tabu. Ameiona fremu, hakuuona ukuta.

Jumapili, 10 Machi
Nimemwangukia Mchongaji. Ana patasi, ana nyundo. Kakubali kuukata ukuta, kwa sharti viboko wake waende nao maonyesho. Nimeridhia shingo upande. Nafasi kama hii haiji mara mbili, nami umri unakwenda.

Tofali la kwanza limetoka vizuri. La pili limeangukia upande wa pili, sebuleni kwa mwenye nyumba, aliyekuwa akinywa chai. Akachungulia tunduni. Shikamoo ikanitoka yenyewe.

Jumanne, 12 Machi
Nimefukuzwa. Vyombo vyangu viko kwa dada.

Saa sita mama wa maonyesho akaenda kuulizia picha yake, akamkuta mwenye nyumba. Wakaelewana palepale! Picha haitoki, wageni ndio watakaokwenda chumbani kuitazama, kwa tiketi. Lile tundu mama kalisifu kuwa ni ujasiri. Msanii tu ndiye aliyepigwa marufuku kukanyaga pale. Mlangoni kawekwa Mchongaji, na viboko wake wamejipanga chini ya wanawake wangu. Nimelia, sifichi. Dada kaninyamazisha kwa chai na maneno makali.

Ijumaa, 15 Machi
Dada kaniapisha mbele ya shemeji: sitagusa ukuta wao, wala wa jirani, wala wa choo. Nimeapa kwa moyo mweupe. Kweli nimekoma. Mtu mzima hujifunza kwa makosa yake.

Wamekwenda kazini. Nimejilaza chali sebuleni, nikitafakari maisha, ndipo nikaiona dari. Nyeupe, pana, haina hata dirisha la kukwepa. Na kiapo, nikikumbuka sawasawa, kilikuwa cha kuta.

Jirani kasema ngazi anayo.