Mapigo ya Moyo wa Mzee Ghalib

Alhamisi, 28 Novemba 1963

Nimeerevuka! Leo asubuhi malori yalichelewa kufika bohari ya mafuta Changamwe, basi karani mwenzangu Kioko, anayesoma elimu ya nafsi kwa njia ya posta, akanifumbua macho. Kasema kuna mtaalamu wa zamani aliyeshikilia kwamba hatukimbii kwa kuwa tunaogopa, bali tunaogopa kwa kuwa tumekimbia. Mwili kwanza, moyo hufuata. Kumbe maisha yangu yote nimekuwa mwoga kwa kosa la miguu!

Namtaka Johari, binti wa Mzee Ghalib, mpika halwa wa hapa Timbwani. Johari hucheka kila nikipita. Dalili njema. Mzee hacheki. Lazima nimlainishe upesi nipeleke posa, maana Mbarak fundi cherehani naye ananyemelea. Mbarak ana pikipiki.

Ijumaa, 29 Novemba

Jaribio la kwanza. Bata bukini wa Bi Mishi jirani, yule anayenifukuza kila jioni. Leo nikasimama. Sikukimbia hata hatua moja. Nikangojea ushujaa uniingie.

Kaniuma paja! Bi Mishi akatoka kuniuliza kwa nini namchokoza ndege wake. Pole hakunipa. Johari alikuwa dirishani. Alicheka sana.

Jumamosi, 30 Novemba

Kioko kasema yule mtaalamu ana wapinzani. Huko Marekani watu walichomwa sindano ya kupigisha moyo. Waliokaa na mcheshi wakafurahi, waliokaa na mwenye hasira wakakasirika, na dawa ni ile ile. Yaani moyo hupiga ngoma tu. Akili ndiyo hutazama huku na huku, ikaipa ngoma jina.

Wallahi, hii ndiyo! Nikimpigisha moyo Mzee Ghalib huku ananitazama, akili yake itasema: kumbe nampenda kijana huyu.

Jumapili, 1 Desemba

Nimempelekea kahawa. Niliichemsha mpaka ikawa lami. Tangawizi ya kujaa kiganja, na pilipili manga bila huruma. Akanywa. Jasho likamtiririka. Mkono ukaenda kifuani. Akatazama huku na huku, sawasawa na maneno ya Kioko. Akaniona.

Akaniita muuaji, akanirushia kikombe.

Nadharia ni sahihi kabisa! Moyo ulipiga, akatazama, akaupa jina. Jina tu ndilo lililokosewa. Ilinipasa kuweka furaha karibu.

Jumanne, 3 Desemba

Bahati! Ngala, mkorogaji wa Mzee, ameteguka bega, na mji mzima umeagiza halwa ya Uhuru. Nikaenda mbio. Nikatoa shikamoo, nikaomba radhi kwa ile kahawa, nikashika mwiko. Mzee akaitikia marahaba huku amenuna, lakini hana mtu mwingine. Tukakoroga pamoja, yeye upande huu wa sufuria, mimi ule. Halwa ikianza kushika, mabega yanaomba talaka. Mioyo miwili inadunda!

Hapo nikaleta furaha. Nikamsimulia habari ya bata bukini. Mzee kacheka mpaka akaangusha mwiko.

Ijumaa, 6 Desemba

Malengelenge viganja vyote. Sijali. Mzee kanipangusa jasho kwa kikoi chake mwenyewe, kaniita mwanangu mbele ya wateja. Mwanangu! Akamwagiza Johari aniletee maji. Johari alichelewa nayo kidogo. Alikuwa mlangoni akizungumza na Mbarak, aliyekuja na kanzu iliyopigwa pasi, asiguse mwiko hata kidogo. Moyo wake umelala kabisa. Nilimhurumia.

Jumanne, 10 Desemba

Alasiri nilimtuma mjomba na posa. Karudi mapema mno.

Kasema Mzee alimpokea kwa heshima na kutokwa na machozi. Kwamba hajapata kumpenda kijana kama anavyonipenda mimi. Kwamba Mungu hakumjalia mtoto wa kiume, na sasa kamjalia mimi, Abdillahi. Na kwa kuwa mimi ni mwanawe, Johari ni dada yangu, na ni kiroja gani mtu kumwoa dada yake? Tena Johari ameshaposwa na Mbarak, na mwenyewe ameridhia. Mzee anaomba nikoroge halwa ya harusi.

Nilikwenda kumlalamikia Kioko. Akasema hakuna hitilafu, nilitaka Mzee anipende na amenipenda. Akaniuliza kama nimewahi kufikiri moyo wa Johari unapigaje. Sikuelewa swali linahusu nini.

Alhamisi, 12 Desemba

UHURU! Bendera kila dirisha, halwa kila kinywa, mimi kwenye sufuria. Johari kapita, kanisalimia kwa upole: kaka Abdillahi. Niliumia. Macho yakanitoka maji.

Lakini kwa mujibu wa yule mtaalamu wa kwanza, mtu huhuzunika kwa kuwa analia. Mimi silii. Ni moshi wa kuni. Basi sina huzuni, na habari imekwisha.

Halafu kuna Dhahabu, shoga wa Johari, aliyekuja kutoka Utange kwa ajili ya harusi. Kasikia habari ya bata bukini, kacheka. Dalili njema! Nimepeleleza. Baba yake ni mkwezi wa minazi, mkali ajabu, hajapata kumpenda mtu. Kukwea minazi kunapigisha moyo kupita halwa. Kesho alfajiri niko Utange, nakwea naye bega kwa bega.

Na mtoto wa kiume hana hata mmoja. Hapa hakuna wa kunipinga!